NYUMBA NA NYUMBANI: Uhakiki wa Vyombo vya Makao katika Kiswahili cha Kitale na Bungoma

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuvitaja vyombo vya nyumbani katika fungu moja tu la kazi zao, nalo ni fungu la mandhari. Riwaya ikiwa na chungu, kinu, mkeka na taa, mhakiki husema kwamba mwandishi ameyachora mazingira barabara, kisha hupita akaenda zake kwenye dhamira na wahusika. Vyombo hubaki nyuma mithili ya pazia la jukwaa: vimetajwa, vimesifiwa, vimesahauliwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, inachukulia kuwa maana ya makao imo katika vitu vyenyewe, hali imo zaidi katika yale yanayotendwa kwa vitu hivyo kila siku. Pili, inasahau kwamba majina ya vitu hivyo katika Kiswahili Sanifu yametoka mahali maalumu, yaani pwani, na kwamba mtu wa bara anayeandika juu ya kwao kwa Kiswahili hana budi kufanya kazi ambayo mwenzake wa Tanga au Unguja hakuhitaji kuifanya. Mfano uliochaguliwa ni wa sehemu mbili za magharibi ya Kenya zilizo jirani, yaani Kitale na Bungoma. Matini zinazochunguzwa ni nne: neno lenyewe "nyumbani", nyumba za maonyesho katika Makumbusho ya Kitale, hoja zilizotolewa mahakamani Nairobi mwaka 1987, na riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema (1996). Huenda msomaji akashangaa kuona jumba la makumbusho na mahakama vikihesabiwa pamoja na riwaya. Lakini mahali popote ambapo watu wamejaribu kueleza kwa makusudi ni kitu gani kinachoifanya nyumba kuwa nyumbani, pana matini ya kuhakikiwa.

Neno lenyewe

Kiingereza kina nomino mbili mbalimbali, moja ya jengo na moja ya makao. Kiswahili hakikuchukua njia hiyo. Huchukua nomino moja, "nyumba", kikaipachika kiambishi "-ni", na mara ile nomino hutoka katika ngeli yake na kuingia katika ngeli za mahali. Husemwa "nyumba yangu imebomoka", lakini "nyumbani kwangu kumetulia". Kilichobomoka ni kitu. Kilichotulia ni mahali. Tena mahali hapo pana sura tatu: "nyumbani pangu" ni pale hasa panapojulikana, "nyumbani mwangu" ni ndani mwake, na "nyumbani kwangu" ni eneo lote lisilo na mipaka ya kuta. Kwa hiyo sarufi ya Kiswahili, kabla hata mshairi au mtunzi wa riwaya hajasema lolote, imekwisha kukata shauri kwamba nyumbani si kitu cha kushikika. Nyumbani ni mahali pa kuwapo na pa kutendea.

Lugha hii huenda mbali zaidi. Yaweza kuitupa nomino yote ikabaki na kivumishi tu: "kwangu", "kwao", "kwetu". Mpangaji wa chumba kimoja mjini Kitale akiulizwa anatoka wapi, aweza kujibu: "Ninakaa hapa, lakini kwetu ni Bungoma." Jibu hilo la maneno machache lina mgawanyo mkubwa ndani yake. Kitenzi "kukaa" kimepewa chumba cha kupanga. Neno "kwetu" limepewa mji wa wazee. Yafaa kutazama pia kwamba umbo lililochaguliwa ni la wingi. Chumba cha kupanga kinaweza kuwa "kwangu", kwa kuwa kodi hulipwa na mtu mmoja. Bungoma ni "kwetu", hata kama msemaji hana ndugu hata mmoja aliyesimama karibu naye.

Lugha za eneo hilo zinalitenga jambo hili kwa nomino. Katika Lubukusu, "enju" ni nyumba, na "engo" ni nyumbani, mahali pa ukoo. Katika Kijaluo, "ot" ni nyumba na "dala" ni mji wenye nyumba. Mbukusu aongeapo Kiswahili huitafuta tofauti hiyo aliyoizoea, na kwa kuwa "-ni" haimtoshelezi, hulichukua neno "boma" au neno "mji". Neno "boma" lina historia ya pekee. Maana yake ya asili ni ngome au ua wa kujikinga. Zama za ukoloni likawa jina la makao ya serikali. Na katika Kiswahili cha bara ya Kenya ni makao ya familia pamoja na mifugo yake. Kwa Wabukusu maana ya ngome haikuwa mbali na maana ya makao, kwani wazee wao waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa kuta na mahandaki, na mwaka 1895 walipambana na jeshi lililoongozwa na Waingereza katika ngome ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Hivyo neno moja limekuwa jina la ngome iliyovunjwa na dola, jina la ofisi ya dola iliyoivunja, na jina la mahali ambapo mtoto huitwa aje kula. Kamusi inayotoa maana hizo kwa kuzipa namba moja, mbili, tatu haikosei. Ila haielezi ni kwa njia gani maana ya tatu iliishinda ya pili katika vinywa vya watu.

Makao mawili

Uhusiano wa Kitale na Bungoma hauwezi kueleweka bila kukumbuka ardhi. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba makubwa ya mahindi yalihitaji vibarua wengi, ambao baadhi yao walitoka upande wa Bungoma. Vibarua hao walikaa katika safu za vibanda zilizoitwa "laini". Katika laini mtu alikuwa na nyumba, lakini hakuwa na nyumbani: ardhi haikuwa yake, na kibarua kikiisha ilimpasa kuondoka. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi yaligawanywa au yakanunuliwa na vyama na watu binafsi, na familia nyingi zikahamia Trans Nzoia moja kwa moja. Wazee waliendelea kuzikwa Bungoma. Wajukuu walizaliwa Kitale. Swali la nyumbani ni wapi likawa swali la kila siku, si la wanafalsafa.

Katika hali hiyo vyombo vya nyumbani vilipata kazi ya kusema. Chumba cha kupanga mjini Kitale, kiwe na ukubwa gani, hugawanywa kwa pazia: huku sebule, huku malazi. Viti vya kochi hutandikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vyeupe au vya rangi, vikifuliwa na kupigwa pasi kila baada ya siku kadhaa. Juu ukutani, karibu kabisa na dari, hutundikwa picha za familia na kalenda, nyingine za miaka iliyokwisha kupita. Mezani pana chupa ya chai. Baada ya mavuno, magunia ya mahindi ya kilo 90 hupangwa ndani ya sebule ileile, na mgeni huketi baina ya gunia na kitambaa bila kuona ajabu. Mtu aliyezoea riwaya za mijini aweza kuyahesabu hayo kuwa ni umaskini wa nafasi. Mwenyeji huyasoma vingine: gunia ni ushahidi kwamba kuna shamba mahali, na kitambaa ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyeketi jioni nyingi akifuma. Methali ya wahenga yasema nyumba njema si mlango. Yafaa kuongeza kwamba si kuta pia.

Nyumba zisizo na moshi

Makumbusho ya Kitale yana asili yake katika mkusanyo wa mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu kwa miaka mingi na kuanzisha makumbusho yake ya binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wasia kwamba mkusanyo huo uwe mali ya taifa, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974, likawa la kwanza la makumbusho ya taifa katika sehemu za bara nje ya Nairobi. Katika uwanja wake zimejengwa nyumba za jadi za baadhi ya jamii za magharibi ya Kenya. Maelfu ya wanafunzi wamepitishwa humo, na kwa wengi wao hiyo ndiyo nyumba ya pekee ya udongo na nyasi waliyoingia wakiwa na daftari mkononi.

Kazi hiyo ni njema na haistahili kubezwa. Lakini ikisomwa kama matini, nyumba ya makumbusho ina upungufu ambao ni funzo kwa mhakiki wa fasihi. Ina nomino zote, haina vitenzi. Chungu kipo, hakiinjikwi. Mafiga yapo, hayana majivu ya jana. Kigoda kipo, hakikaliwi. Upungufu huo si wa hisia tu, bali hata wa ufundi. Nyumba ya nyasi huhitaji moshi: moshi unaopanda kutoka mekoni hukausha nyasi za paa, hufukuza wadudu, na huhifadhi mbegu zilizotundikwa juu ya moto zikingojea mvua. Sakafu ya udongo huhitaji kusiribwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo, tena na tena, la sivyo hupasuka na kutoa vumbi. Kuta hukandikwa upya baada ya mvua. Kwa maneno mengine, nyumba ya namna hiyo haijengwi ikaisha. Huendelea kujengwa na wanaoishi ndani yake, na siku wakiacha, huanza kufa. Katika desturi za Waluhya na Wajaluo, ncha ya nguzo inayochomoza juu ya paa ilivunjwa mwenye nyumba alipokufa. Paa lilisema yaliyotokea chini yake.

Hapa ndipo ilipo hoja ya msingi ya makala haya. Katika Kiswahili, vitu vya nyumbani huelezwa kwa nomino, lakini unyumbani wenyewe huelezwa kwa vitenzi vya mazoea, vile vyenye kiambishi "hu-". Mama huamka, hufukua makaa yaliyofukiwa majivuni usiku, hukoka moto, huinjika maji. Jioni mtoto hutumwa dukani, baba huketi pale pale anapoketi daima, nafaka hupepetwa, ugali husongwa. Kiambishi hicho hakina nafsi wala wakati: hakisemi nani hasa, wala lini hasa. Kinasema tu kwamba jambo hili ndilo lifanyikalo hapa. Nyumbani, kwa ufafanuzi wa sarufi, ni mahali penye "hu-" nyingi. Nyumba ya makumbusho ina wakati uliopita tu: walikaa, walipika, walilala.

Mhakiki akiikubali hoja hiyo, atabadili namna yake ya kusoma. Hatauliza tena ni vyombo gani vimetajwa katika riwaya. Atauliza vinatumiwa na nani, kwa kitenzi kipi, na kama kitenzi hicho kinarudiwa. Riwaya iliyotaja chungu mara kumi bila mtu kukiinjika ni makumbusho. Riwaya iliyotaja chungu mara moja, lakini mwishoni mhusika akarejea akakuta moto haukukokwa, imejenga nyumbani na imepabomoa.

Nyumba mahakamani

Swali la nyumba na nyumbani liliwahi kujadiliwa hadharani nchini Kenya kwa ukali ambao haujapata kuonekana katika darasa la fasihi. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika ardhi yao ya Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager, ukiwakilishwa na ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Miongoni mwa hoja za ukoo ilikuwamo hii: kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba popote, hata akaijenga kwa mawe na kukaa humo maisha yake yote, lakini hawezi kuwa na nyumbani ila mahali palipoanzishwa kwa desturi. Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwezi Februari 1987, Mahakama ya Rufani ikatoa yake mwezi Mei, na ukoo ukashinda. Marehemu alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba desturi iliyotegemewa ilihusu vitu vya kawaida kabisa. Katika kuanzisha "dala", mtu huenda mahali papya pamoja na mkewe na mwanawe, wakichukua jogoo, shoka na moto. Havikuwa vitu vya thamani. Jogoo yumo katika kila ua, shoka limo katika kila nyumba ya mkulima, na moto hauuzwi. Lakini vitu hivyo vilipotumiwa pamoja, kwa utaratibu, na watu wanaostahili, ardhi tupu iligeuka kuwa nyumbani. Mahakama ililazimika kusikiliza semiotiki ya jogoo.

Hata hivyo, mhakiki hatakiwi kuishangilia hukumu hiyo kwa kuwa tu inaafiki hoja yake. Kesi ile ilifichua jambo jingine lililo zito zaidi. Mtu aliyekuwa ametenda vile vitenzi vya kila siku pamoja na marehemu kwa miaka mingi, yaani mjane, alishindwa. Waliokuwa na haki juu ya nomino "nyumbani" walikuwa wengine. Hali kama hiyo haikuanzia Nairobi. Katika boma la Bungoma kama katika nyumba ya kupanga ya Kitale, mwanamke ndiye afukuaye makaa, asiribaye sakafu na afumaye kitambaa, lakini mara nyingi boma hutajwa kwa jina la mwanamume. Mwenye vitenzi siye mwenye nomino. Mwanamke huyo akiulizwa kwao ni wapi, huenda akataja mahali alipozaliwa, asikokaa tena. Na huko nako huhesabiwa kuwa ameolewa, yuko kwa watu.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuligusa jambo hili upande wa pwani. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), nyumba ya Bwana Maksuudi ina kila kitu cha kuitwa nyumba njema, na bado kwa mkewe na bintiye ni kifungo. Humo vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni hiari ya kutenda. Methali ya nyumba usiyolala ndani huijui hila yake ingeweza kuwa anwani ya sura nzima ya uhakiki wa riwaya hiyo. Upande wa bara, Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) aliingiza kijiji cha Ukerewe ndani ya riwaya ya Kiswahili, pamoja na ufukara wa nyumba ambayo mama ndiye anayeishikilia isianguke. Ni dhahiri basi kwamba uhakiki wa vyombo vya makao si uhakiki wa mapambo. Ni uhakiki wa kazi na wa mamlaka.

Mnazi na nyasi

Kasoro ya pili iliyotajwa katika utangulizi inahusu majina. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930 ili kuusimamia. Matokeo yake katika msamiati wa siasa na sayansi yamejadiliwa mara nyingi. Matokeo yake jikoni hayajajadiliwa vya kutosha.

Msamiati wa nyumbani wa Kiswahili Sanifu umekaa chini ya mnazi. Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, kata ya kuchotea maji na upawa wa kupakulia mchuzi vilivyotengenezwa kwa kifuu, pakacha la kubebea, makuti ya kuezekea: vyote vina asili katika mti mmoja. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mnazi haustawi huko. Mwanafunzi wa Kimilili au Kiminini anayefunzwa majina hayo hufunzwa nyumba ya mtu mwingine. Anapoulizwa mbuzi ni nini, humkumbuka mnyama aliyefungwa nyuma ya nyumba, na kwa kawaida huyo ndiye mbuzi pekee aliyepo kwao.

Haifai kusema kwamba msamiati wa pwani ni mzigo. Maneno mengi yamesafiri vizuri. "Mwiko" umefika Bungoma ukakuta ugali unamngojea. "Upawa" umeacha kifuu ukawa wa bati au wa mti bila kupoteza jina. "Mrija" umepewa kazi ya kunywea busaa, wazee wakiwa wamekizunguka chungu kimoja. "Jiko" limepanuka: ni mahali pa kupikia, ni kile chombo cha makaa cha kuhamishika, na katika usemi wa kupata jiko ni mke, usemi ambao unathibitisha tena ile hoja ya vitenzi na mwenye kuvitenda. Maneno mengine yamezaliwa au yamekomaa huku bara. "Koroboi" ni taa ya kopo yenye utambi, na "gorogoro" ni kopo la kupimia mahindi ambalo ni kipimo cha kawaida sokoni na ni chombo cha kuazimana baina ya majirani.

Kamusi ikieleza koroboi kwa kusema ni kibatari, imesema kweli. Lakini haijasema kwamba moshi wake huacha alama nyeusi ukutani pale inapotundikwa kila siku, na kwamba kwa alama hiyo watu wengi waliosomea shule chini ya mwanga wake wangeitambua nyumba yao hata kama vitu vingine vyote vimeondolewa. Mwalimu anayekata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika "kandili" juu yake hasahihishi insha. Anamhamisha mwanafunzi kutoka kwao.

Huenda ikajibiwa kwamba kila eneo likileta vyombo vyake, usanifu utavunjika. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo iliyowaongoza wasanifishaji wa kwanza. Lakini kuna tofauti kati ya kuwa na majina mengi ya kitu kimoja na kuwa na majina ya vitu vingi. Kandili na koroboi si majina mawili ya taa moja: kandili ina kioo cha kukinga mwanga, koroboi haina. Makuti na nyasi si visawe. Lugha inayokataa kuviita vitu kwa majina yake kwa ajili ya usafi hujikuta safi na tupu, kama nyumba isiyokaliwa.

Safari ya Kongowea

Kwa mtazamo huo Siku Njema inasomeka upya. Mwandishi wake, Ken Walibora, alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia. Alifariki mwaka 2020. Riwaya hiyo, iliyowahi kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, inamhusu Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Tanga, ambaye anasafiri kumtafuta baba yake na safari yake inamfikisha Kitale. Wahakiki wamezungumza sana juu ya ufasaha wa lugha ya riwaya hiyo na juu ya dhamira ya subira. Hawajauliza vya kutosha kwa nini mtu wa Kitale, alipotaka kuandika riwaya yake ya kwanza, alianza Tanga.

Jibu la haraka ni kwamba mwandishi wa bara alihitaji cheti cha pwani: kwamba alimpa shujaa wake mama wa taarabu na jina lililobeba Kongowea na Mswahili kwa pamoja ili wasomaji wasije wakashuku Kiswahili chake. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini ni jepesi mno. Ikitazamwa njia ya safari, maana inageuka. Riwaya haianzii bara ikaelekea pwani, kama mwanafunzi anayekwenda kuomba lugha kwa wenyewe. Inaanzia pwani ikaelekea bara. Anayetafuta ni Mswahili. Anayetafutwa yuko Kitale. Kwa tafsiri hiyo, aliyepanda gari kutoka Tanga ni lugha yenyewe. Ina mama, ina jina, ina nyimbo. Kinachoikosa ni upande wa pili wa kwao, na upande huo uko chini ya Mlima Elgon.

Hapa pana jambo la kukosolewa pia. Mwandishi aliyeweza kuisafirisha lugha umbali huo wote alikuwa na fursa ya kuikaribisha ndani, aiketishe juu ya kochi lenye kitambaa, aioneshe gunia na koroboi, na aipe majina mapya. Ufasaha wa Siku Njema, ulioifanya ipendwe, ni ufasaha wa Kiswahili cha Tanga zaidi kuliko cha Kitale. Shujaa anafika bara, lakini msamiati wake wa nyumbani umebakia pwani kwa sehemu kubwa. Ni kama mgeni aliyefika na godoro lake. Si kosa la mwandishi mmoja. Ni dalili ya masharti ambayo kizazi chake chote cha waandishi wa bara kiliwekewa na shule, wahariri na wahakiki. Na yamkini mwandishi mwenyewe aliliona jambo hilo, kwani katika tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama (2014), alirejea utotoni mwake mwenyewe bila kupitia Tanga. Anwani ya kitabu hicho yafaa kuzingatiwa. Haitaji nyumba, wala chombo, wala mahali. Inataja sauti, na kitenzi kilicho katika wakati uliopo.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili hulichukulia neno nyumbani kuwa mahali pa kutendea, si kitu cha kumilikiwa. Kwamba nyumba ya maonyesho hushindwa kuwa nyumbani kwa sababu ina nomino bila vitenzi. Kwamba mahakama iliwahi kuwapa wenye nomino ushindi juu ya mwenye vitenzi. Na kwamba msamiati sanifu wa makao bado haujaondoka chini ya mnazi. Mambo manne hayo yanatoa kazi kwa watu watatu.

Mwanaleksikografia anapaswa kukusanya vitenzi vya nyumbani kutoka bara, pamoja na nani avitendaye na saa ngapi, kabla watendaji hawajabadili majiko na nyumba. Mabati yamekwisha kuchukua nafasi ya nyasi mahali pengi, na moshi ukiondoka juu ya paa huondoka pia na maneno yake. Mwalimu wa insha anapaswa kuuweka chini wino mwekundu anapokutana na jina la chombo asichokijua, aulize kwanza kinafanya kazi gani. Mhakiki naye anapaswa kuviondoa vyombo katika fungu la mandhari na kuvipeleka katika fungu la vitendo, ambako atavikuta vikizungumza juu ya kazi, jinsia, ardhi na urithi.

Kuhusu waandishi chipukizi wa Kitale na Bungoma, njia imekwisha kufunguliwa. Kongowea amefika. Lililobaki ni wao kumkokea moto, na kumweleza katika lugha yake jinsi mambo hufanyika hapa.